Mbona hata madaktari waliikataa chanjo ya korona?
Ndugu, waliokataa walikuwepo, ila usiwatie wote kapu moja. Kenya, Machi 2021, chanjo za AstraZeneca zilipoanza kutolewa, Dkt. Stephen Karanja, mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki, aliwaambia watu waachane nazo, wajifukize na wameze haidroksiklorokwini, dawa ya malaria. Maaskofu wa kanisa lake mwenyewe walisema chanjo ni halali! Alifariki kwa korona mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo. Na haidroksiklorokwini hiyo ilikuwa imeshapimwa Uingereza tangu 2020 kwa wagonjwa waliolazwa, haikupunguza vifo. Kujifukiza kunazibua pua, sawa, lakini hakuui kirusi. Udaktari wa mtu si ushahidi, muulize alichojaribu na matokeo yake.