Kabla hujaongeza mbolea, pima kwanza maji yako

Wadau wa mboga za kwenye maji, tunaolima bila udongo, leo naomba niongelee kitu kilichonitesa miezi minne mizima, maana kila wiki naulizwa swali lile lile, "dada majani yangu yamekua njano niongeze mbolea gani", na mi kabla sijajibu huwa nauliza kwanza, maji unatoa wapi?

Nipo Kigamboni, nalima saladi kwenye mabomba ya PVC nyuma ya nyumba, tanki la lita 1,000 na pampu ndogo, maji ya kisima. Maji yenyewe ukiyaangalia ni masafi kabisa, tunachemsha tunakunywa, kwahiyo haikunijia hata kidogo kwamba shida inaweza kuwa hapo. Wiki ya pili baada ya kuhamisha miche, majani machanga ya katikati yakaanza kugeuka njano, ila ukilichuma moja ukaliinua kwenye mwanga unaona mishipa bado ya kijani, yani kama mito imechorwa kwenye karatasi ya njano. Majani ya chini hayana neno. Nikaenda duka la pembejeo nikaambiwa mimea ina njaa, ongeza dozi. Nikaongeza, hali ikazidi, na ncha za majani zikaanza kuungua maana sasa chumvi imekua nyingi.

Njano ya aina ile, majani machanga na mishipa ya kijani, ni upungufu wa madini ya chuma. Na chuma nilikua nimeweka! Kilikuwemo kwenye tanki ila mizizi haiwezi kukichukua, kwasababu pH, yani kipimo cha uchachu wa maji (namba ikipanda uchachu unapungua), ilikua 7.9. Mimea ya kwenye maji inataka 5.5 mpaka 6.5, ukipita hapo chuma na manganizi vinaanza kuganda na kutuama, fosfora nayo inashikana na kalsiamu. Na usione tofauti ni ndogo, kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwahiyo kutoka 6 kwenda 8 ni mara mia.

Basi nikanunua asidi ya fosforiki, nikashusha mpaka 6.0, nikalala na furaha. Asubuhi napima, 7.4. Nikashusha tena, kesho yake imepanda tena. Nikadhani mita ya pH ni mbovu.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu alivyokuja kutusalimia, kaenda jikoni kuchemsha chai, kafungua birika akaniita, "Shem, hili birika mbona lina ukoko mweupe hivi, na nyie mmelinunua juzi tu?" Nikasimama pale naliangalia lile birika, nikakumbuka na sabuni hua haitoi povu vizuri. Huku pwani maji ya visima vingi yamepita kwenye mawe ya chokaa na matumbawe ya kale, yanabeba baikaboneti, yani madini yanayoyeyuka kutoka kwenye hiyo chokaa. Hiyo baikaboneti ndo inayokula asidi yako. pH inakwambia maji yakoje sasa hivi, ila baikaboneti ndo inakwambia maji yatapigana na wewe kiasi gani, na watu wengi wanapima ya kwanza tu.

Nikapeleka chupa maabara, majibu yakaja baikaboneti miligramu 366 kwa lita. Kila miligramu 61 inahitaji kipimo kimoja cha asidi (maabara wanakiita milliequivalent), kwahiyo mimi nina vipimo 6, na inafaa ubakize kama kimoja ili pH isiyumbe. Kuua vitano kwa fosforiki ya asilimia 85 nilitakiwa kuweka karibu mililita 340 kwa tanki zima, na hapo fosfora inafika kama miligramu 155 kwa lita wakati saladi inatosheka na 30 mpaka 50 hivi. Kwahiyo asidi peke yake haikua jibu.

Jibu likawa mvua. Nikafunga mifereji kwenye bati, yale maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege nayaacha yamwagike, yanayofuata nayakinga. Maji ya mvua karibu hayana chumvi kabisa, nachanganya mawili ya mvua kwa moja ya kisima, asidi ikashuka mpaka kama mililita 70 kwa tanki, na fosfora inayotoka humo inatosha kabisa, nikaacha kununua MKP, ile mbolea ya fosfora na potashiamu, potashiamu naipata kwenye potashiamu naitreti. Masika na vuli nakinga kila tone.

Jamani kwenye asidi, vaa glavu na miwani, na mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi, inaruka. Maji ya betri ya gari usiyaguse, yana risasi ndani na hii mboga inaliwa mbichi. Limao inashusha ila haikai, vijidudu vinaila na pH inarudi.

Mpangilio nao una maana. Weka mbolea kwanza, koroga, subiri, alafu ndo urekebishe pH, kwasababu mbolea zenyewe hua zinaishusha kidogo. Na kalsiamu naitreti usiichanganye na magnesiamu salfeti zikiwa nzito kwenye ndoo moja, mi nilifanya hivo na maji yakageuka kama maziwa, ule weupe ni jasi na haiyeyuki tena, mbolea imekwenda hiyo. Tumia ndoo mbili, zikutane kwenye tanki lenye maji mengi.

Mita usiihifadhi kavu, kichwa chake kinakufa. Ikague kwa maji maalum ya kupimia yenye pH 4 na 7 kila wiki mbili. Na ukinunua chuma soma pakiti uone kimefungwa na kitu gani ili kisigande, EDTA inaanza kushindwa pH ikivuka 6.5, DTPA inafika karibu 7, EDDHA inavumilia mpaka 9 ila bei yake imesimama.

Ukisharekebisha usiangalie majani yaliyokwisha kuwa njano, mengi hayarudi vizuri. Angalia jani jipya linalochomoza katikati. Langu lilitoka kijani siku ya tano, asubuhi, nikamwita mume wangu aje aone.