Opera ya vipindi: kwaya isubiri kwanza

Dada, umeuliza kama kipindi cha kwanza cha opera yenu ya kusikiliza, ile ya watu wa mwanzo kujuana kupitia kompyuta, kiimbwe na kwaya nzima hapo Mikindani. Mimi nasema hapana.

Mwaka 1978 kule Chicago, Ward Christensen na Randy Suess waliunganisha kompyuta na laini ya simu, watu wakawa wanapiga na kuacha ujumbe. Laini yenyewe moja: mmoja akiingia, wengine wanakuta inatumika. Muziki wenu uko hapo hapo! Sauti moja inaimba, inakatika. Inaingia nyingine kumjibu mtu aliyekwisha kuondoka. Msiwaimbishe pamoja, hata wakinuna (na watanuna, wanakwaya nawajua). Mlio wa modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, aigize mtu kwa mdomo.

Kwaya iingie mkifika kwenye IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi kwenye mtandao ulioanzia Ufini, 1988, watu wengi wanapoandikiana kwa mpigo. Kiongozi atoe, kundi liitikie, kama kwenye sindimba. Ila msitegemee ngoma nzito: wengi watasikiliza kwa spika ya simu, na besi humo haitoki. Dakika kumi kwa kipindi zinatosha, la sivyo bando litawakimbiza wasikilizaji.