Mwalimu mkuu, kaa nyuma ya darasa

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu mkuu niliumaliza bila kuingia kwenye kipindi cha mwalimu mwingine hata mara moja. Sikuwa mvivu. Nilijaza takwimu za halmashauri, nikafuatilia saruji na mafundi wa matundu ya vyoo, nikaitisha vikao vya kamati ya shule, nikaitwa kata. Maandalio ya masomo niliyasaini rundo zima kila Jumatatu, nikiamini kwamba huko ndiko kusimamia taaluma. Yalipotoka matokeo ya upimaji wa darasa la nne, nilielewa kwamba nilikuwa nasaini karatasi tu.

Na siku nilipoamua kuingia, niliharibu. Kilikuwa kipindi cha hisabati darasa la tatu, kugawanya. Kila baada ya mfano mwalimu aliuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!" Mtoto aliyekaa pembeni yangu aliitikia kwa sauti kuliko wote, na daftarini mwake palikuwa na tarehe peke yake. Nikaorodhesha makosa kumi na moja, karatasi nikaiacha juu ya meza ya mwalimu bila neno. Wiki mbili tulibaki na salamu tu. Alikuwa na haki. Nilimkagua, sikumsaidia.

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma ADEM, wakala wa serikali unaofundisha uongozi wa elimu, kule Bagamoyo. Nilitarajia fedha, manunuzi na kanuni za utumishi, na kweli yapo, wala usiyadharau. Ila kilichonikaa zaidi ni mazungumzo ya jioni na walimu wakuu wenzangu kutoka mikoa mingine. Karibu kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya makosa kumi na moja.

Niliporudi nilimwomba yule mwalimu radhi. Kisha nikamwalika aje yeye akae nyuma ya darasa langu la sita, kazi yake iwe moja tu: kuhesabu watoto watakaojibu swali peke yao. Alirudi na jibu: "Saba, Mwalimu. Na wanne ni wa dawati la mbele." Darasa lilikuwa na watoto hamsini na wawili. Iliniuma, lakini wiki ile ile alinifuata mwenyewe akaniomba niingie kwake. Nilikuta ameacha "Tumeelewana?" Kila mtoto aliandika jibu kwenye kipande cha karatasi na kukinyanyua juu, naye akaona mara moja nani amebaki nyuma.

Tangu hapo, asubuhi za Jumanne na Alhamisi, kabla ya chai ya saa nne, ni za madarasani. Msaidizi wangu anashika ofisi, simu yangu anabaki nayo, na Afisa Elimu Kata anajua. Kabla sijaingia tunakubaliana na mwalimu nitazame jambo gani, moja tu. Tunazungumza siku hiyo hiyo, na swali langu la kwanza ni hili: nani hakuelewa leo, na umejuaje? Baada ya wiki narudi. Ukiacha kurudi, mwalimu anaona ulikuja kumpeleleza.

Wewe mwalimu wa taaluma, au unayetamani nafasi hii, usisubiri barua ya uteuzi. Shuleni kwako kuna jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambamo walimu hukutana kujifunza pamoja, na huenda imegeuka kuwa kikao cha kusaini mahudhurio. Omba kuiongoza. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umetukuta wote tukijifunza, hivyo hakuna atakayeona aibu kuuliza. Usiende na mada ya kusoma. Chukua madaftari kumi ya darasa moja, yatandazeni mezani, mtafute kwa pamoja mahali mtoto alipoanza kupotea.