Mzee Akiacha Kula: kwa Mhudumu Mpya

Mdogo wangu uliyeanza zamu juzi, kubadilisha nepi na kugeuza wagonjwa usiku utazoea. Kigumu ni siku mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anapokataa chakula, na ndugu zake wametoka kisiwani Ukerewe na chupa ya uji, wote wanakutazama wewe.

Mwanzoni nilikuwa nalisha kwa kubembeleza. Bibi mmoja, zamani mchuuzi wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alikuwa anafumba mdomo, nami namsihi mpaka afungue. Siku moja akapaliwa. Kesho yake homa, keshokutwa pumzi inakwaruza: uji ulikuwa umeingia mapafuni. Ugonjwa huu ukifika mwisho, hata kumeza husahaulika, na mpira wa kulishia haumwongezei mtu siku. Waambie ndugu mapema kwamba mwili wenyewe ndio unafunga kazi, wasije wakaishi wakidhani mama yao alikufa na njaa.

Kinachobaki ni kinywa. Chovya kitambaa laini kwenye maji safi, kikamue, pitisha taratibu kwenye midomo, fizi na ulimi. Rudia mara kwa mara, kisha paka midomo mafuta kidogo. Wape ndugu kazi hiyo. Binti wa yule bibi alitulia alipokabidhiwa kitambaa.

Maumivu hatakutajia. Yatafute kwenye paji la uso linalojikunja, kwenye mguno unapomgeuza. Bibi yetu alikuwa anachezesha vidole juu ya shuka kama anachambua dagaa, tukasema anakumbuka soko. Kumbe kibofu kimejaa! Na daktari akiandika mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, uliza dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana mofini hufunga choo.

Wengi wa wazee hawa Kiswahili walijifunza ukubwani, na mara nyingi ndicho kinachotangulia kupotea. Jifunze kusema "mwangaluka, mayu", yaani umeamkaje, mama, kwa Kisukuma, hata kama kwenu ni Musoma. Mwamkie hata akiwa hafumbui macho, huenda anasikia.

Pumzi zikianza kukatika na kurudi, na koo kukoroma, mlaze ubavu. Mkoromo huo huwatesa zaidi wanaousikiliza kuliko yeye. Miguu ikipoa na kuota mabaka, muda umebaki mfupi. Lakini usingoje mabaka ndipo upige simu: mtu wa Ukerewe anategemea meli ya Nansio. Yule binti tulimpigia siku mbili kabla, akamwahi mama yake.