Viza Ikichelewa, Raundi ya Kwanza Haikungoji

Mama yake alinipigia simu saa nne usiku. "Mwalimu, imetoka," akasema, kisha akanyamaza. Viza ya binti yake, msichana wa miaka 13, ilikuwa imekubaliwa baada ya wiki saba za kusubiri. Jioni ile ile, maelfu ya kilomita kutoka tulipo, wenzake wa rika lake walikuwa wamemaliza raundi ya tatu kati ya tisa za mashindano ya chesi aliyofuzu kucheza. Pasipoti ingechukuliwa kesho yake mchana, ndege ya mapema kabisa ilikuwa ya keshokutwa usiku, na kwa hesabu yoyote ile asingekaa mezani kabla ya raundi ya saba.

Asubuhi nilikwenda kwao. Begi lilikuwa karibu na mlango, limefungwa tangu wiki iliyotangulia, na ubao wake wa kukunja umechomekwa kwenye mfuko wa nje. "Shikamoo Mwalimu," akasema, na kabla sijakaa akauliza, "Nipangue nguo?"

Nilimwambia apangue.

Nawaandikia makocha, wazazi na viongozi wa klabu wenye mchezaji aliyefuzu kwenda kucheza chesi nje ya nchi. Nimeongoza misafara kadhaa ya vijana. Mingine ilifika salama, mmoja ulifika nusu, na huo wa msichana yule haukuondoka kabisa. Ninayoyajua kuhusu viza nimeyajua kwa kuumia, na sipendi mtoto mwingine afungue begi namna ile.

Mtu asidhani kwamba haya huwapata wadogo tu. Mwaka 2024 Mashindano ya Wagombea, yale yanayotumika kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, yalipangwa kuchezwa Toronto, Kanada, mwezi Aprili. Wachezaji walikuwa 16: wanane wa kundi la wazi na wanane wa kundi la wanawake, na ilikuwa mara ya kwanza makundi hayo mawili kukutanishwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa Machi, umebaki mwezi mmoja tu, Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, lilitoa ombi la hadharani kwa serikali ya Kanada kwa sababu wachezaji kadhaa walikuwa bado hawajapewa viza. Watu wakaanza kuzungumzia kuyahamishia mashindano nchi nyingine.

Tazama jinsi mambo yalivyokuwa yamefungamana. Wahindi peke yao walikuwa watano kati ya wale 16. Uhusiano wa India na Kanada ulikuwa umeharibika tangu Septemba 2023, na Oktoba mwaka huo Kanada iliwaondoa India wanadiplomasia wake 41, ikisema wazi kwamba kazi ya kushughulikia viza ingepungua kasi. Na wachezaji wa ngazi ile hawakai nyumbani wakisubiri. Gukesh, Praggnanandhaa na Vidit, Wahindi wote watatu wa kundi la wazi, walikuwa Prague wakicheza mashindano mengine mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, siku zile zile ambazo habari ya viza ilikuwa imepamba moto. Mchezaji ana pasipoti moja tu, na hawezi kuiacha ubalozini na wakati huo huo kuipitisha uwanja wa ndege.

Mwishowe viza zilitoka na mashindano yakachezwa Toronto kama yalivyopangwa. Gukesh, akiwa na miaka 17, alimaliza wa kwanza kwa pointi 9 kati ya 14, na Desemba ya mwaka huo akamshinda Ding Liren, bingwa wa wakati huo, kule Singapore na kuwa bingwa wa dunia.

Ila kuna tofauti moja kubwa kati yao na sisi, na naomba msomaji aishike. Mashindano ya Toronto yalikuwa ya kila mmoja kucheza na kila mwenzake mara mbili. Mmoja akikosekana, saba waliobaki kila mmoja anakosa michezo miwili, na jedwali zima linapinda. Ndiyo maana kelele zilikuwa kubwa. Vijana wetu huchezeshwa kwa mfumo wa Uswisi, ambapo wapinzani hupangwa upya kila raundi kwa kufuata pointi. Mchezaji mmoja akikosekana kati ya mia, kompyuta inapanga wale 99 na raundi inaanza saa ile ile. Hakuna waziri atakayeulizwa swali. Kwa hiyo kazi ambayo kwa wakubwa inaweza kuokolewa na ombi la hadharani, kwetu lazima iwe imekwisha mapema, kimyakimya, kwenye makaratasi.

Na makaratasi huanza na barua ya mwaliko. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoangukia.

Msichana wetu alisajiliwa FIDE na klabu kwa majina mawili. Pasipoti yake ina matatu, na la ukoo limetangulia. Waandaaji walichukua jina kutoka kwenye orodha ya FIDE, kama wafanyavyo kwa kila mtu, wakaandika barua. Mimi niliisoma ile barua, nikaona muhuri, nikaona saini, nikafurahi, nikaipeleka. Ofisa wa viza alikuwa na barua inayomwalika mtu mmoja na pasipoti ya mtu anayeonekana kuwa mwingine, akaandika kuomba ufafanuzi. Ujumbe ukatumwa kwenye barua pepe ya klabu niliyokuwa nimeijaza kwenye fomu, anwani ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiifungua kila siku. Ulikaa humo siku tisa. Siku tisa! Tulipojibu, faili lilikuwa limerudi nyuma ya foleni.

Tangu hapo siombi barua ya mwaliko kabla sijatuma nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti na ombi kwamba jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo pale. Ikija, nakaa na mtu mwingine, yeye anasoma pasipoti kwa sauti na mimi nafuata kwenye barua kwa kidole: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba. Halafu tunahamia kwenye tarehe. Barua isitaje siku za michezo tu. Itaje siku ya kuwasili na ya kuondoka, na zilingane na nafasi ya ndege, hoteli na bima. Iseme pia nani analipia malazi na chakula, maana ofisa asipoona jibu humo atalitafuta kwenye taarifa yako ya benki. Na kwenye fomu naweka anwani ya barua pepe iliyo kwenye simu yangu mwenyewe, ninayoiona hata nikiwa kwenye foleni.

Jambo la pili ni hesabu ya siku, na ihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka raundi ya kwanza. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, kwa mfano, hupokea maombi hadi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika 45. Watu wengi husoma ile 15 na kuiamini. Wewe isome 45, kisha ongeza muda wa kupata miadi, kwa sababu saa ya ubalozi haianzi kuhesabu siku ulipoamua kuomba, inaanza siku maombi yalipopokelewa. Kwenye misimu ya likizo miadi yenyewe huweza kuwa wiki kadhaa mbele. Mimi siku hizi nashika nafasi ya miadi hata kabla barua ya mwaliko haijafika, mradi niwe na uhakika itafika kabla ya siku hiyo.

Kwa hesabu hiyo utaona kwamba viza huanza siku mchezaji anapofuzu. Wiki ile ile ya furaha, kabla hata picha za kombe hazijaacha kusambaa, fungua pasipoti yake. Schengen wanataka ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Nchi nyingine nyingi zinataka miezi sita. Kwa watoto uangalifu huu ni wa lazima, kwa kuwa kadiri tarehe ya mashindano inavyosogea ndivyo pasipoti inavyozeeka, na pasipoti mpya nayo ina foleni yake.

Halafu angalia njia ya ndege. Tiketi nafuu mara nyingi hupita nchi ambayo nayo inataka viza ya kupita, hata kama hutatoka uwanjani. Niliwahi kubadilisha safari ya watu sita kwa sababu hiyo, zimebaki siku nne.

Kwa walio chini ya miaka 18 kuna ridhaa ya wazazi. Sifikirii kipengele kingine kinachogusa mambo ya ndani ya familia namna hii. Ubalozi mara nyingi hutaka saini za wazazi wote wawili, na si kila mtoto ana wazazi wanaozungumza. Kocha, usilitangaze jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la timu. Mwite mzazi pembeni, muulize kwa heshima, na umpe muda. Mama mmoja alinijibu kwa sauti ya chini sana, "Mwalimu, baba yake sijui aliko." Kumbe jambo lina njia yake ya kisheria, kwa hati ya kiapo au nyaraka za ulezi, lakini inachukua wiki, na wiki hizo tulikuwa nazo kwa sababu tu tuliulizana mapema.

Sasa, umefanya yote na viza bado haijatoka. Muda unakwenda. Unapiga kelele lini?

Maoni yangu ni kwamba kelele za kwanza ziwe barua, na ziende kwa waandaaji wa mashindano kabla ya kwenda kwingine. Wao ni raia wa nchi ile, wanajua mlango wa kugonga kwenye wizara yao, na wana sababu ya kutaka mchezaji afike. Wape ukurasa mmoja wenye jina kamili, namba ya maombi, siku yalipopokelewa na siku ya raundi ya kwanza. Usiwape hadithi ndefu. Nakala iende kwa shirikisho lako la taifa, nalo liandike kwa ubalozi kwa jina lake. Mtandaoni iwe hatua ya mwisho kabisa, na kwa mtoto iwe kwa ruhusa ya mzazi tu. Nimeona watu wakibandika picha ya pasipoti ya mtoto hadharani ili kuonyesha uchungu wao. Uchungu naufahamu, lakini namba ile ikishatoka hairudi.

Weka pia tarehe ya mwisho, na mwambie mchezaji. Sikufanya hivyo kwa msichana wetu. Kila siku nilimwambia "kesho huenda," nikidhani namtia moyo, kumbe nilikuwa namnyima usingizi. Mama yake aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiamka usiku kuangalia simu. Mazoezi yake ya wiki mbili zile yalikuwa bure, macho kwenye ubao na akili ubalozini. Leo nasema waziwazi: viza isipotoka kufikia siku fulani, hatuendi, na badala yake tutacheza mashindano haya mengine, wiki hii hii, na nimeshakusajili. Mtoto akijua hivyo anaweza kufungua kitabu chake cha mianzo, yaani hatua za kwanza za mchezo, na kusoma. Anaweza hata kucheka.

Na kama viza itatoka ukingoni, ukaona mtafika mmechelewa kwa siku moja, mwandikie mwamuzi mkuu kabla raundi ya kwanza haijapangwa. Usisubiri mpaka mfike. Ukinyamaza, mchezaji wako atapangiwa mpinzani, saa itawashwa, na atapoteza kwa kutokuwepo. Huyo mpinzani naye atakuwa amesafiri kuja kutazama kiti kitupu. Ukisema mapema, baadhi ya kanuni huruhusu nusu pointi kwa raundi atakayoikosa. Soma kanuni za mashindano yako kabla ya kuomba, kwani nyingine haziruhusu.

Msichana yule alifuzu tena mwaka uliofuata. Jina lake kwenye orodha ya FIDE tulikuwa tumeshalirekebisha, matatu, la ukoo mbele. Viza ilitoka zikiwa zimebaki siku 31. Siku ya raundi ya kwanza nilisimama nyuma ya kamba pamoja na makocha wengine. Alifika mezani dakika kumi kabla ya wakati, akakaa, na ingawa kete zilikuwa zimeshapangwa, akazipangua zote 16 za upande wake, akazipanga tena moja moja.