Kabla hujabeba simu na kompyuta kutoka Dubai, piga hesabu ya forodha

Ukisema tu unakwenda Dubai, ujumbe unamiminika: niletee simu, niletee kompyuta, huko bei chee. Kwa baadhi ya vitu ni chee kweli, nami hununua huko. Ila bei kamili ya mzigo wako inajulikana kwenye meza ya forodha nyumbani, na hesabu yake inafaa uifanye ungali Deira, mtaa wa maduka huko Dubai, hela ikiwa bado mfukoni.

Chukua televisheni. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa televisheni iliyokwisha kuundwa ni asilimia 25. Ikithaminiwa shilingi 1,000,000, pamoja na usafiri na bima, ushuru ni 250,000. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Tanzania ya asilimia 18 haikatwi kwenye ile milioni, inakatwa kwenye 1,250,000, yaani 225,000 nyingine. Umefika 1,475,000, bado tozo ya reli, bado ada za forodha, na bado kioo hakijasalimika kwa wapakuaji. Mimi televisheni nanunua Kariakoo, na dhamana yake naipata hapahapa.

Kompyuta mpakato ni habari nyingine, kwani ushuru wake wa forodha ni asilimia 0. Hapo safari inalipa. Kagua tu kibodi, maana nyingi za Dubai zina herufi za Kiarabu pembeni ya zile tulizozizoea.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimwekea msafiri aliyekaa nje zaidi ya saa 24 msamaha wa ushuru kwa vitu vya hadi dola 500, kwa vitu vyake mwenyewe, si vya kuuza. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti za Juni, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri. Simu tano zilizo kwenye maboksi yake hazitaitwa vitu vyako, hata ukizigawa kwenye mikoba ya wenzako wa safari.

Niliwahi kusimama nyuma ya dada aliyezifunga simu ndani ya khanga, katikati ya begi. Mashine ilizionyesha zote. Hakuwa na risiti hata moja, basi afisa akatafuta bei mwenyewe, na bei aliyoikuta ilikuwa kubwa kuliko aliyolipa yule dada. Ndiyo maana nasisitiza: tangaza mzigo wako, toa risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya kifaa, omba namba ya malipo, lipa benki au kwa simu, ondoka na stakabadhi yako. Anayekwambia "nipe kidogo tumalize" anakuacha bila karatasi yoyote ya kujitetea.

Na huko Dubai usiache pesa yako. Duka lililo kwenye mpango wa watalii hukuandikia marejesho ya VAT ukinunua kuanzia dirham 250, ukionyesha pasipoti. VAT yao ni asilimia 5, na unarudishiwa asilimia 85 ya hiyo, ikipunguzwa ada ya dirham 4.80. Pitia dawati lao uwanjani kabla ya kukabidhi begi, kwani wanaweza kutaka kukiona kitu chenyewe. Betri za akiba na pawabenki zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kwa simu, usilipe kwanza. Bonyeza *#06#, mtumie ndugu aliyeko Tanzania namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) aitume kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, asome kama jina na modeli vinalingana na simu uliyoishika. Anayerudi Kenya ajue kwamba tangu Januari 2025 IMEI hiyo inatakiwa kwenye fomu ya kuingilia. Simu za Marekani ziulizie zaidi: nyingi zimefungwa kwa mtandao mmoja, na iPhone za huko kuanzia toleo la 14 hazina tundu la laini, zinatumia eSIM pekee, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi.