Gari imezimwa, funguo iko mezani, halafu inawaka: maswali yenu kuhusu moto wa magari

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja, magari yanayoungua bila ajali, nikachagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Barua ndefu nimezifupisha kidogo, mnisamehe.

Kaka, gari yetu imeungua usiku ikiwa imepaki uani, imezimwa kabisa na funguo iko ndani mezani. Jirani anasema tumechomewa, fundi anasema ni shoti, mume wangu anasema gari iliyozimwa haiwezi kupiga shoti. Nani yuko sahihi? Bima wanataka kuja kuchukua mabaki wiki hii.

Dada pole sana, na nashukuru hamkuumia. Kwenye hili shemeji amekosea, kuzima gari sio kukata umeme. Ukishachomoa funguo betri bado imeungwa na kuna vitu vinaendelea kupata umeme usiku kucha, alamu, kompyuta ya gari, vitasa vya rimoti, na kwenye magari mengine hata vifaa vya mfumo wa breki, kwahiyo gari iliyolala inaweza kabisa kuwaka na imeshatokea mara nyingi tu.

Mfano ambao kila anayefuatilia haya mambo anaujua ni wa Ford kule Marekani. Kulikuwa na swichi ndogo imefungwa kwenye masta silinda (pampu kuu) ya breki, kazi yake kukata kruzi, yaani mfumo unaoshikilia mwendo bila dereva kukanyaga mafuta, pale anapokanyaga breki. Upande mmoja wa ile swichi kuna mafuta ya breki yenye presha, upande wa pili kuna kontakti za umeme, na katikati wametenganishwa na utando mwembamba tu wa plastiki. Utando ukichoka unapasuka, mafuta yanapenya tone kwa tone, yanakula zile kontakti, joto linapanda, na kwa sababu swichi ilikuwa na umeme muda wote hata gari ikiwa imezimwa, moto ukaanza ndani ya magereji watu wamelala. Rikoli, yaani kampuni kuyaita magari yarudi yarekebishwe, ya kwanza ilikuwa 1999 na ya mwisho 2009, jumla zaidi ya magari milioni 14. Miaka kumi nzima, na dawa kubwa waliyoitumia ilikuwa ni kipande cha waya chenye fyuzi!

Usidhani ni mambo ya zamani. Septemba 2023 Hyundai na Kia waliita magari kama milioni 3.4 Marekani kwa sababu ya kifaa cha ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki), mafuta ya breki yanavuja ndani ya kifaa, yanapiga shoti, gari inawaka iwe inatembea au imepaki. Walichofanya mafundi ni kubadilisha fyuzi, wakaweka yenye ampea ndogo zaidi ili ikatike mapema.

Sasa kuhusu gari yako, mimi sijaiona kwahiyo siwezi kusema ni kiwanda au ni mtu. Ila usikubali mabaki yaondoke kabla hamjaipiga picha kila upande, chini ya boneti, chini ya dashibodi, kwenye betri, kwenye boksi la fyuzi, halafu picha ya namba ya chesisi. Angalieni ni wapi pameungua sana na ni wapi moto ulifika mwishoni, maana gari iliyochomwa na mtu mara nyingi moto unaanzia kwenye siti au kwenye matairi, na ile ya shoti mara nyingi inaanzia kwenye boneti au dashibodi, japo hiyo peke yake sio ushahidi. Waandikieni bima kwa maandishi kwamba mnaomba mabaki yasikatwe mpaka mtaalamu wa moto ayaone. Kama wanakuja wiki hii basi fanyeni leo.

Nimepata ujumbe wa kampuni unasema nipaki nje, mbali na nyumba, mpaka spea zifike. Gari yangu haina shida yoyote, inatembea vizuri kabisa. Ni lazima?

Ndugu yangu, paki nje. Leo hii. Gari kutembea vizuri hakusemi chochote kuhusu kasoro ya aina hii, ile swichi niliyoieleza hapo juu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu mpaka usiku ilipowaka.

Kampuni hazipendi kabisa kumwambia mteja asiingize gari gereji, ni aibu kubwa kwao, kwahiyo ukiona wamefikia kuandika hivyo ujue kuna magari yameshaungua na wanaogopa watu kufa usingizini. Kumbuka Chevrolet Bolt, ile ya umeme ya GM. Novemba 2020 waliitwa wenye magari, wakawekewa programu ya kuzuia betri isijae zaidi ya asilimia 90, baadae wakaletewa programu nyingine ya kukagua betri wakaambiwa tayari mko salama. Halafu magari yaliyokwisha kufanyiwa marekebisho hayo yakaungua. Julai 2021 yakaitwa tena, na Agosti wakaita Bolt zote za modeli ya 2017 mpaka 2022, kama 142,000. Chanzo kilikuja kuonekana ndani ya seli zilizotengenezwa na LG, kasoro mbili zikikutana kwenye seli moja, kile kiulimi cha anodi (upande hasi wa seli) kimechanika na kitenganishi, utando unaotenga pande mbili za seli, kimekunjwa. Huwezi kuvisikia hivyo ukiwa kwenye usukani.

Kwahiyo ukishatengenezewa pia usitupe karatasi. Ingiza namba yako ya chesisi tena baada ya miezi kadhaa uone kama kuna rikoli mpya juu ya ile ya kwanza.

Anko, kila gari ikiungua kampuni inajibu eti hilo ni tukio la peke yake. Nani anaamua kwamba hii ni kasoro ya kiwanda? Na wanachunguza nini wakati gari yote imebaki mabati?

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Nalielewa vizuri lile jibu la "tukio la peke yake" na linaniudhi, kwa sababu mwenye gari moja hana namna ya kulipinga. Anayeweza kulipinga ni yule anayeona malalamiko yote kwa pamoja.

Marekani kazi hiyo ni ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, wana ofisi yao maalum ya kuchunguza kasoro. Malalamiko ya wananchi yanaingia kila siku na wao wanachuja, wakiona magari ya aina moja, miaka inayokaribiana, moto unaanzia sehemu ileile, wanafungua uchunguzi wa awali. Hapo kampuni inatumiwa barua ndefu ya kudai data, malalamiko yote iliyopokea, madai ya waranti, kesi za mahakamani, spea ngapi za kifaa hicho zimeuzwa, michoro, na mabadiliko yote waliyoyafanya kwenye hicho kifaa. Hayo ya mwisho nayapenda sana, maana kampuni ikibadilisha kifaa kimyakimya katikati ya uzalishaji huku inasema hakina tatizo, lazima ieleze ilibadilisha kwa nini. Uchunguzi wa awali ukionyesha kitu unapanda daraja kuwa uchambuzi wa kihandisi, wanapima na kufungua vifaa na kulinganisha na magari ya kampuni zingine ya umri uleule. Wakiridhika wanaiambia kampuni iite magari, na kampuni nyingi zinaita zenyewe kabla hazijafikishwa hapo. Kisheria kule, kampuni ikishajua ina kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuitaarifu serikali.

Kuhusu gari iliyobaki mabati, ni kweli moto unakula ushahidi. Waya wa shaba uliopiga shoti unaacha kitone kidogo cha shaba iliyoyeyuka kwenye ncha, unakiona kwa macho kabisa, duara linang'aa. Lakini moto ulioanzia kwingine nao ukiunguza plastiki ya waya wenye umeme unaweza kuacha kitone kama hichohicho, ndo maana gari moja haitoshi. Wachunguzi wazuri wanaenda kwenye magari ambayo HAYAJAUNGUA bado, wanafungua kifaa kilekile na kutafuta kama uharibifu umeshaanza, kutu kwenye kontakti, alama za joto kwenye plagi, mafuta mahali ambapo hayatakiwi kuwepo. Ukikuta kifaa kimeshaanza kuoza kwenye gari ambayo haijawahi kuona moto, hapo hadithi ya tukio la peke yake inaanza kufa.

Na kuna wakati ukweli unatoka kwa mtu wa ndani. Injini za Theta II za Hyundai na Kia zilikuwa na mabaki ya vyuma yaliyoachwa kiwandani wakati wa kuchonga krankishafti, yanaziba njia za oili, beringi za konrodi zinakosa oili zinakufa, konrodi inakatika inatoboa bloki, oili inamwagikia kwenye vyuma vya moto. Rikoli ya 2015 iligusa baadhi tu ya magari. Mhandisi wa Hyundai anaitwa Kim Gwang-ho aliona nyaraka za ndani, mwaka 2016 akapanda ndege kwenda Washington kuwapa NHTSA. Kazini alifukuzwa. Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu ya jumla dola milioni 210 kwa kuchelewesha rikoli na kutoa taarifa zisizo sahihi, na mwaka uliofuata Kim akapewa zawadi ya zaidi ya dola milioni 24. Mimi nasema alistahili, watu waliendelea kupanda zile gari kipindi chote ambacho karatasi zilikuwa kwenye makabati.

Korea Kusini nako mwaka 2018 BMW za dizeli zilikuwa zinaungua barabarani, kipoozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) kinavuja kulanti, yale maji ya kupoozea, inagandamana na masizi, halafu hewa ya moto inayapitia masizi yale yanawaka. Agosti mwaka ule serikali ilizuia magari ambayo hayajakaguliwa yasitembee kabisa, na mwezi Desemba wachunguzi wa serikali wakasema kampuni ilijua mapema ikachelewa.

Kwahiyo anko wako anakuomba hivi, gari ikitoa moshi hata kama haikuungua, peleka malalamiko kwa mamlaka pamoja na namba ya chesisi, kilomita ilizotembea, ilikuwa imezimwa au inatembea, moshi ulitokea wapi. Malalamiko ya "gari iliungua nisaidieni" hayana kitu cha kulinganisha.

Nimenunua gari ya mtumba kutoka nchi nyingine. Rikoli za kule zinanihusu mimi?

Zinakuhusu, kasoro inasafiri na gari, barua ndo haisafiri. Barua inaenda kwa mwenye gari aliyeandikishwa, na wewe kampuni haikujui.

Kama gari yako ina VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, ya tarakimu na herufi 17 (iko kona ya chini ya kioo cha mbele au kwenye fremu ya mlango wa dereva, na haina herufi I, O wala Q, kwahiyo ukiona O ni sifuri hiyo), unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya kampuni, au ya NHTSA kama gari ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Gari zilizouzwa ndani ya Japani hazina hiyo ya 17, zina namba fupi ya chesisi, herufi na tarakimu halafu kistari halafu tarakimu, na hiyo ukiiweka kwenye tovuti ya Marekani haitasomeka, watu wanadhani gari ni safi kumbe wamegonga mlango usio wao. Nenda kwenye ukurasa wa rikoli wa kampuni yenyewe wa Kijapani, kuna sehemu ya kuweka hiyo namba, lugha utaitafsiri kwa simu. Ukikuta kuna kazi haijafanywa chapisha, peleka kwa wakala wa kampuni hiyo nchini kwako. Wengine watakutengenezea bure, wengine watakuzungusha, ila hata wakikuzungusha tayari unajua ni kifaa gani na fundi wako anajua aanzie wapi.

Fundi aliniongezea taa na mziki mkubwa, sasa waya zinanukia. Naweza kudai kampuni?

Hapana. Zima, ondoa terminali ya betri, itoe ile kazi yote na irudiwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Ila nikwambie na upande wa pili, kampuni nazo hupenda kujificha nyuma ya fundi. Kuungua kwa Vauxhall Zafira B Uingereza kulipogonga vichwa vya habari 2015 kampuni ilisema kuna watu wametengeneza vibaya rezista ya feni ya hita, na ni kweli kulikuwa na matengenezo mabovu, lakini magari yaliyopita kwenye rikoli yao wenyewe nayo yakaungua, 2016 wakayaita mara ya pili, na kamati ya bunge ikawakosoa kwa kuchelewa.

Nikiona moshi kwenye boneti naendesha, nifungue nimwagie maji?

Usifungue boneti, ukifungua unaupa moto hewa na unakulipukia usoni. Simama pembeni, zima injini, toa watu wote hasa watoto walioko nyuma, sogeeni mbali, piga simu zimamoto. Kama una mtungi na moto bado mdogo, puliza kupitia uwazi wa chini au pembeni bila kuinua boneti, ukiona hauzimi ndani ya sekunde chache achana nao. Kama gari ni ya umeme au haibridi waambie zimamoto mapema kabla hawajaanza, kwa sababu betri ile inaweza kuwaka tena baada ya masaa au hata siku kadhaa, na isiwekwe ndani ya gereji wala karibu na magari mengine baada ya kuvutwa.